Kamera ya Kuonea Miguu

Nilimwahidi mama kwamba safari hii ataona kila mahali nitakapokanyaga. Nilitoa ahadi hiyo nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko letu dogo, ghorofani, Mchafukoge, naye akikunja visheti vya oda ya harusi, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Hakuinua uso.

"Nitaona kwa macho yangu, au nitasimuliwa?" aliuliza.

"Utaona kwa macho yako, mama."

"Haya. Basi kanitafutie hicho cha kunionyesha, halafu ndipo tuzungumze habari za mlima."

Mlima wenyewe ulikuwa Uluguru, kule Morogoro. Sisi ni kundi la vijana tuliomaliza chuo pamoja, na tangu tulipomaliza tumejiwekea desturi ya kutembea nchi yetu kwa miguu: Pugu, Kisarawe, na kokote tunakoweza kufika bila kuomba ruhusa ndefu kazini. Tunaokota chupa za plastiki njiani na kuuliza majina ya miti kwa watu wa huko. Wapo wanaotucheka. Mimi naamini kwamba kijana asiyeijua ardhi ya kwao kwa nyayo zake atakuwa mwepesi wa kuiacha iharibiwe, na imani hiyo sijaona sababu ya kuionea aibu.

Lakini mama alikuwa na jambo lake, nalo lilikuwa zito kuliko hotuba zangu. Kabla sijazaliwa, mdogo wake wa mwisho aliondoka nyumbani na marafiki kwenda kuogelea kwenye maporomoko ya mto, huko huko upande wa Morogoro. Waliporudi, yeye hakuwemo. Mmoja alisema mjomba alikuwa akivuka, mwingine alisema alikuwa ameketi juu ya jiwe, na mwingine tena alisema wao walikuwa mbali, walisikia tu kelele. Mwili ulipatikana, ukaoshwa, ukazikwa. Kisichopatikana mpaka leo ni jibu la swali ambalo mama aliliuliza kwa kila aliyefika msibani: alikanyaga wapi? Nimekua nikisikia swali hilo. Kwa hiyo aliposema hataniruhusu kwenda mahali asipopaona, sikumwona kuwa mama mwenye hofu za kizamani. Nilimwona mtu aliyenyimwa ukweli mara moja, asiyetaka kunyimwa mara ya pili.

Ningeweza kwenda bila ruhusa yake, maana ni mtu mzima na nauli ni yangu. Nisingeweza kwenda na kubaki mtoto wake kwa namna ile ile.

Kamera niliyoihitaji ni zile ndogo, za ukubwa wa kiberiti kikubwa, zilizotengenezwa zistahimili maji, vumbi na kuanguka. Madereva wengine wa bodaboda huzifunga kwenye helmeti, na waendesha baiskeli kwenye usukani. Simu isingefaa, kwa kuwa anayeshika simu amebakiwa na mkono mmoja tu wa kushikia mti. Nilitumia jioni kadhaa kusoma maelezo ya wajuzi mtandaoni, na nikagundua kwamba wote walisifia kitu kimoja: jinsi kamera inavyoona mbali, mawingu, jua linalochomoza, kilele cha theluji. Hakuna hata mmoja aliyezungumzia miguu. Mimi nilitaka kamera itakayofungwa kifuani na kuinamishwa chini, ione jiwe, tope na kiatu. Nilitaka istahimili maji ya mto. Na zaidi ya yote, nilitaka isitikisike, kwa sababu mama hupatwa na kizunguzungu picha inaporuka-ruka. Filamu ikianza kukimbizana, yeye hufumba macho. Kamera ya kutikisika ingemfanya afumbe macho hasa pale ambapo hatua yangu ilihitaji kuonwa.

Nikavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, nikaingia Kariakoo.

Fremu ya duka la kwanza ilikuwa nyembamba, upande wa Msimbazi, na spika iliyowekwa mlangoni ilikuwa ikitikisa kifua cha kila aliyepita. Muuzaji alikuwa wa rika langu, kofia imegeuzwa nyuma.

"Karibu mkubwa. Ya helmeti au ya kuzamia?"

"Ya kifuani. Inayoweza kuona miguu yangu."

"Miguu?" Akamgeukia mwenzake aliyekuwa akifungua maboksi. "Oya, njoo usikie. Wenzake wanapiga simba, huyu bro anataka kupiga ndala."

"Si ndala. Ni mahali ninapokanyaga."

"Kwani umeangusha nini huko chini, kaka?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu anataka kuona. Akapunguza sauti ya spika.

"Bi mkubwa," alisema kwa heshima. "Hapo umemaliza. Bi mkubwa akisema, hakuna rufaa. Chukua hii, hii moto wa kuotea mbali."

Kila mnunuzi wa Kariakoo anajua kwamba mali ikishatoka dukani hairudi. Ndiyo maana ipo pia desturi ya kujaribu hapo hapo. Feni huwashwa mbele yako, pasi hupashwa moto, redio hupigwa mpaka jirani alalamike. Sikuona kwa nini kamera nayo isijaribiwe kwa kazi yake. Nilikuwa na kadi yangu ya kumbukumbu mfukoni. Nikaifunga kamera kifuani kwa mkanda wake, nikaiinamisha, nikapanda ngazi za jengo la pembeni haraka kama mtu anayepanda mwamba, nikashuka. Ngazi moja ya chini ilikuwa imelowa maji yaliyomwagika, nami niliikanyaga makusudi, ili nione kama kamera itayaona. Kisha nikaenda kwa mama lishe aliyekuwa akiosha sahani uchochoroni.

"Shikamoo mama. Naomba nizamishe kamera kwenye ndoo yako ya maji safi."

"Marahaba. Zamisha, baba, ila usinipige na kanga hii ya kazi."

"Simpigi mtu, mama. Napiga miguu."

"Basi piga yangu, nimepaka hina jana."

Waliokuwa wakila wakacheka, na mmoja wao akanyoosha mguu wake wenye soksi iliyotoboka, akisema na yeye apigwe awe maarufu. Kamera ikazama, ikatoka, ikaendelea kuwaka. Nikamrudishia kijana kamera yake, nikamwambia nitazunguka kwanza. "Zunguka, kaka," alisema. "Utarudi tu."

Duka la pili lilikuwa pana na la utulivu. Mwenyewe ni mzee wa familia ya Kihindu, na kaunta ile aliirithi kwa baba yake. Mkewe alikuwa ameketi nyuma kwenye droo ya malipo, akimenya chungwa. Kamera aliyonionyesha ilikuwa nyeusi, haina mbwembwe, na boksi lake halikuwa na picha ya mtu anayeruka kutoka kwenye ndege.

"Jaribu, kijana," aliniambia. "Zamisha, angusha, ruka nayo. Lakini nailoni usiguse. Ukibandua nailoni, umenunua."

Nilikitazama kioo cha nyuma cha kamera, nikaona nailoni yenye ulimi mwekundu wa kubandulia, nikamhakikishia kwamba sitaigusa. Sikuigusa. Nikapanda ngazi zile zile, nikakanyaga yale maji, nikarudi kwenye ndoo ile ile.

"Umekuja tena?" mama lishe alisema. "Kumbe miguu yangu ina soko."

Nilipomwambia mzee kwamba nakwenda kutafakari, alitikisa kichwa. "Tafakari, tafakari. Wateja wangu wanaotafakari hununua kwa jirani."

Na kwa kweli nilielekea kununua kwa jirani. Kwenye vioo vidogo vya kamera zenyewe, picha za kwanza zilionekana kali, na za pili zilikuwa na ukungu, kana kwamba nimepanda ngazi ndani ya wingu. Hata hivyo kamera ilikuwa ya macho ya mama, kwa hiyo nikapeleka kadi nyumbani ili aamue mwenyewe.

Hapa yafaa niseme jambo kuhusu nyumba yetu. Mama habandui nailoni. Makochi yetu yana nailoni, na mgeni akikaa huyasikia yakilalamika. Rimoti ina nailoni. Tivii ilinunuliwa nikiwa sekondari, na nailoni yake ya kiwandani ilikuwa bado ipo, imepauka, ina mapovu ya hewa kwenye kona, na mama huifuta kwa kitambaa chenye unyevu kila Ijumaa. Hatuko peke yetu. Katika mitaa hii nimeona magari yaliyozeeka viti vikiwa bado kwenye nailoni. Kitu kilichopatikana kwa jasho hulindwa.

Nikaunganisha kompyuta yangu na tivii, mama akaketi, na picha za kamera ya kwanza zikaanza.

"Zima, zima!" Mkono ulikuwa tayari machoni. "Mbona unaruka kama uko ndani ya mashine ya kukoboa?"

Nikaweka za pili. Akaushusha mkono taratibu.

"Hii inatembea kama mtu mzima."

"Unaona vizuri?"

"Naona."

"Ile ngazi iliyolowa maji umeiona?"

"Maji gani?"

Nikarudisha. Akasogea, akakunja uso, akasema haoni maji. Hata mimi sikuyaona, ingawa nilijua yapo. Kwenye zile picha za kuruka-ruka nako hatukuwa tumeona chochote. Nikajua kwamba hapa ndipo penyewe. Kama ngazi iliyolowa Kariakoo haionekani, jiwe lililolowa Uluguru halitaonekana, nami nitakuwa nimemletea mama masimulizi mengine yenye ukungu, tofauti yake ikiwa ni kwamba haya yana picha.

"Mama, naomba tubandue nailoni ya tivii."

Alinitazama kana kwamba nimeomba tuuze kitanda chake.

"Itachubuka."

"Itachubukaje, nayo iko ukutani?"

"Vumbi je?"

"Mama, ulisema unataka kuona kwa macho yako."

Akasimama, akafuta mikono kwenye kanga. "Kama ni kubandua," alisema, "nitabandua mwenyewe. Wewe utachana." Akaishika kwenye kona, akavuta. Ilitoa mlio mrefu kama wa kitambaa kinachochanwa dukani. Tukawasha taarifa ya habari kwanza, ili tuijaribu, na mama akasimama katikati ya sebule na ile nailoni mkononi.

"Ala! Kumbe ukuta nyuma ya huyu dada ni wa bluu! Miaka yote hii nadhani ni wa kijivu."

Tukarudia picha zangu. Za kwanza zilionyesha maji yakimeta juu ya ngazi, yakaruka, yakapotea, na mama akafumba macho. Za pili zilipita kwa utulivu ule ule, lakini ukungu haukwisha. Nikatazama tivii, nikaitazama nailoni iliyokunjamana mkononi mwa mama, na nikaelewa.

"Mama, na ile kamera ina nailoni. Siyo ya nyuma niliyoiona. Ipo nyingine, kwenye jicho lake."

"Si umesema umeizamisha kwenye maji?"

"Nimeizamisha na nailoni yake."

"Mwanangu," alisema mama, "na digrii unayo."

Nilirudi Kariakoo alasiri hiyo hiyo. Mzee alikuwa bado kwenye kaunta.

"Umetafakari?"

"Nimetafakari, mzee. Kwenye lenzi kuna nailoni, ndiyo inayoleta ukungu."

"Bila shaka. Ni nailoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia usiguse. Ningekuambiaje usiguse kitu kisichokuwepo?"

Mkewe alicheka kule nyuma mpaka akaliweka chungwa chini. Nikamwomba mzee aibandue ili nijaribu tena, akakataa. "Nikibandua, na wewe ukaenda kutafakari mara ya pili, nitamuuzia nani kamera iliyo uchi? Mteja wa Kariakoo akikuta nailoni haipo, anasema imetumika. Utakuwa umeniachia hasara na pole."

Sikukasirika, kwa sababu alichosema ni kweli. Wateja wenyewe, yaani mimi na mama na watu wa mitaa yetu, ndio tuliomfundisha kulinda nailoni kuliko kinachofunikwa nayo. Na mimi pia nilikuwa na haki ya kuona. Ilibidi mmoja wetu amwamini mwenzake kwanza. Nikapima nilichokuwa nacho. Utulivu wa kamera nilikuwa nimeuthibitisha, na maji iliyashinda. Ukungu wenyewe ulikuwa umeenea sawasawa pande zote za picha, kwenye mwanga na kwenye kivuli, wakati lenzi yenye mkwaruzo isingeharibu kwa usawa namna hiyo. Hoja zilitosha kwa mtu anayetaka kuamua. Nikalipa.

Mzee akaishika kamera karibu na taa, akaingiza ukucha pembeni mwa lenzi, akabandua ngozi nyembamba isiyo na rangi, ndogo kama ganda la kitunguu. "Hongera," alisema. Hakuwa na wajibu wa kunisubiri nijaribu, lakini alitoka nje ya kaunta, akasimama begani pangu huku nikiinamisha kamera kuelekea sakafu yake.

"Ngoja," alisema. "Hiyo inaona mpaka vumbi la dukani kwangu." Akaenda kuchukua ufagio.

Uluguru ilitupokea kwa mvua. Njia ilikuwa nyekundu na laini, na kamera ilinikaa kifuani ikitazama viatu vyangu kama mnyama mtulivu. Wenzangu walipiga picha za mabonde kwa simu zao. Mimi nilijua kwamba nyumbani kuna mtu asiyehitaji bonde. Kwenye kijito kimoja, tukivuka kwa mawe, nilikanyaga jiwe lililoonekana kavu, mguu ukaniponyoka, nikaangukia goti na kiganja, maji yakanifika kiunoni na kunisukuma. Nilishika mzizi. Kiongozi wa msafara wetu, dada tuliyesoma naye, alinivuta kwa mkoba wa mgongoni, na alipohakikisha kwamba mifupa yangu ni mizima, akaitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa ikiwaka.

"Futa hicho kipande," alisema. "Mama yako akikiona, mwisho wa matembezi yako utakuwa Kariakoo kununua vitunguu."

Alisema kwa wema, na wengine wakakubaliana naye. Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Mama angeona kijito, kisha angeona ng'ambo, angeshukuru Mungu, na mimi ningeruhusiwa kwenda tena. Lakini hiyo ingekuwa ni kubandika nailoni upya, safari hii kwa mkono wangu. Nikawaambia sifuti. Tukaendelea kupanda, na suruali yangu ikikaukia mwilini.

Nyumbani nilimwambia kabla ya kuwasha: "Mama, kuna mahali nimeteleza."

"Usiniambie ni wapi. Nitaona."

Akatazama safari nzima bila kuinuka. Alitazama tope, ngazi za mizizi, viatu vya wenzangu vikipita. Kwenye kijito alishika mkono wa kochi, na nailoni yake ikalia. Picha ikapinduka, ikajaa maji, ikatulia kwenye mkono wangu ulioshika mzizi. Hakufumba macho.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Polepole." Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye tivii, akaweka kidole juu ya kioo kisicho na nailoni. "Hapa. Ni jani. Umekanyaga jani juu ya jiwe, na chini yake pamelowa."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unatazama chini?"

"Nilikuwa natazama chini."

Alibaki amesimama, kidole chake juu ya lile jani. "Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwangalifu," alisema, "na likawa jani tu." Hakuwa akizungumza nami. Baadaye akarudi kuketi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaniuliza tunakwenda tena lini, na kama kuna viatu vyenye meno kuliko vile.

Nina ombi moja kwako unayesoma. Ukitembea na kamera, na nyumbani ukawa na mtu anayekusubiri, usifute kipande ulichoteleza. Mwonyeshe.